Ganzi Inayouma

Shangazi yangu alipatwa na kiharusi Machi 2011, alfajiri, akitandika mswala. Upande wa kushoto ukalala wote. Kufikia Mei mguu ulikuwa umeanza kukanyaga, japo kwa kuburuta, na vidole vya mkono vikaweza kushika kikombe kitupu, nasi sote tukasema alhamdulillahi. Julai akanipigia simu kuniambia kwamba maji ya udhu yanamchoma.

"Yamepata moto sana?" nikamuuliza.

"Ya mtungini, mwanangu. Ya baridi. Nikiyamimina mguuni ni kama nimemwagiwa makaa."

Nikamwambia avumilie, hiyo ni dalili njema, mishipa inaamka. Akaniamini, akakata simu, akavumilia miezi mitano.

Wakati huo nilikuwa Dar es Salaam nikifundisha fiziolojia katika chuo cha afya. Kabla ya hapo, tangu 2001 hadi 2005, niliajiriwa katika maabara moja ya Uingereza iliyochunguza kitu kimoja tu: maumivu yanayozaliwa na mshipa wa fahamu uliojeruhiwa. Miaka minne niliyatengeneza maumivu hayo kwa mikono yangu, kwenye miguu ya panya, na kuyapima kwa gramu. Shangazi aliponieleza maumivu yake kwa maneno ambayo mwanafunzi yeyote wa fani ile angeyajua, mimi sikuyatambua. Hilo limenikaa moyoni mpaka leo, na ndilo linalonifanya niandike.

Sheria ya Uingereza ya 1986 kuhusu wanyama wa utafiti haimruhusu mtu kumpasua mnyama bila leseni yake binafsi. Kwa hiyo mwanzoni nilisoma, nikafanya mtihani, kisha nikasimama nyuma ya mabega ya fundi mkuu wa maabara, mama mmoja mtu mzima aliyewashika panya kama mkunga anavyoshika kichanga. Upasuaji wa kwanza alionifundisha ni ule waliobuni Gary Bennett na Yi-Kuan Xie, wakauchapisha 1988. Panya analazwa kwa dawa ya usingizi. Unapasua ngozi ya paja, unaachanisha misuli bila kuikata, na pale chini unauona mshipa mkubwa wa fahamu wa mguu, siatiki, mweupe, unang'aa, mwembamba kama tambi iliyoiva. Unauzungushia nyuzi 4 za utumbo, kila moja milimita 1 hivi kutoka kwa mwenzake, na kuzifunga zikiwa zimelegea. Hukazi hata kidogo. Mshipa wenyewe utavimba baadaye na kujibana katika nyuzi hizo.

Upasuaji wa pili ulikuwa mpya wakati ule. Isabelle Decosterd na Clifford Woolf waliutangaza 2000, na ndio nilioufanya zaidi. Karibu na goti siatiki hugawanyika matawi matatu. Mawili unayafunga na kuyakata. La tatu unaliacha bila kuligusa hata kwa ncha ya koleo. Sehemu kubwa ya unyayo inakufa ganzi. Ukingo wa nje, unaohudumiwa na lile tawi lililosalia, unakuwa mwepesi wa kuumia kupita kiasi, na hubaki hivyo kwa miezi.

Kupima ni kazi ya subira. Panya anawekwa juu ya wavu wa waya, unamngoja atulie, kisha kutoka chini unamgusa unyayo kwa uzi wa nailoni mpaka uzi upinde. Kila uzi una nguvu yake inayojulikana. Kipimo hiki kina jina la Max von Frey, aliyekianzisha mwishoni mwa karne ya 19 kwa kutumia nywele halisi. Panya mzima huvumilia gramu 15 au karibu ya hapo. Aliyekatwa mshipa huinua mguu kwa gramu 1 au 2, na haishii kuuinua: huutikisa, huulamba, huushikilia hewani kama mtu aliyekanyaga mwiba. Mimi ninaandika daftarini: 1.4. Ninaenda kwa wa pili.

Asubuhi moja nilifungua kizimba nikakuta panya amejitafuna vidole viwili vya mguu uliokatwa mshipa. Vidole hivyo vilikuwa vimekufa ganzi. Nilikuwa nimevigusa jana yake na hakushtuka. Kanuni zetu zilisema mnyama akianza kujitafuna auawe saa ile ile, bila kuteseka zaidi, na yule mama akafanya hivyo akiwa amenyamaza. Kisha akaniambia kwamba hapo zamani hali ile ndiyo iliyokuwa ikipimwa. Patrick Wall wa London na wenzake walichapisha 1979 utafiti juu ya panya waliokatwa siatiki yote, wakajitafuna mguu usiohisi kitu. Waliilinganisha na ugonjwa ambao madaktari wanauita kwa Kilatini "ganzi yenye maumivu". Wako wanasayansi waliobisha, wakisema panya husafisha tu kiungo asichokitambua tena kuwa chake. Ubishi huo ulikuwa halali. Lakini nilikuwa nimemwona yule panya, mgongo umekunjamana na manyoya yamesimama, na sikuona usafi wowote pale.

Usiku ule nilikumbuka kisa ambacho bibi alitusimulia utotoni, cha mwanamke aliyeadhibiwa kwa kumfungia paka bila chakula. Nilijiuliza nitajibu nini nikiulizwa. Jibu nililojipa ni kwamba kuna watu duniani wanaoungua usiku na mchana bila moto, na dawa yao haitapatikana bila kujua moto unawaka wapi. Bado naliamini jibu hilo. Nilichokosa kukiona ni kwamba mmoja wa watu hao angekuwa wa nyumbani kwetu, na kwamba elimu niliyoipata kwa mateso ya wanyama wale ilikuwa deni ninalodaiwa nimlipe yeye.

Nilikwenda Tanga Desemba, chuo kilipofungwa. Anayeijua Tanga ya Desemba anajua joto lake. Nilipoingia chumbani kwa shangazi, Ngamiani, nikakuta madirisha yamefungwa na feni imezimwa. Nikadhani umeme umekatika. Binti yake akaniambia hapana, upepo wa feni unamuuma mguu. Nilipotaka kukaa ukingoni mwa kitanda nikaona chini ya shuka kuna kitu kimeinuka kama kibanda. Lilikuwa tenga la samaki. Walikuwa wamelipindua juu ya mguu wake wa kushoto ili shuka isiuguse.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Mishipa imeamka kweli kweli," akasema. Hakuwa ananisuta. Alikuwa ananieleza maendeleo, kwa maneno yangu mwenyewe.

Nikaomba ruhusa nimpime. Nikamfumba macho kwa mtandio, nikamgusa kidole gumba cha mguu kwa ncha ya kidole changu: hakujua kama nimemgusa. Nikamgusa kwa pamba: hakujua. Nikapitisha upindo wa kanga taratibu kwenye muundi, akapiga kelele. Kisha nikachukua kijiko kilichokuwa kwenye glasi ya maji ya barafu nikakiweka juu ya unyayo. Akanyamaza kidogo, halafu maumivu yakaja kwa kuchelewa, yakapanda mpaka nyongani, yakaendelea hata baada ya kijiko kuondoka.

"Umeniweka nini?"

"Unaonaje wewe, shangazi?"

"Kaa la moto."

Katika miaka minne hakuna panya aliyeweza kuniambia kwamba baridi ni moto. Aliinua mguu tu, nami nikaandika namba.

Niliutambua sasa ugonjwa ule. Jules Dejerine na Gustave Roussy waliueleza huko Paris 1906: kiharusi kinapopiga thalamasi, kituo kilichofichika katikati ya ubongo ambako habari za mguso, joto na baridi hupita kabla ya kufika juu, baadhi ya wagonjwa hupata ganzi upande wa pili wa mwili, na ndani ya ganzi hiyo hiyo maumivu makali ya kudumu yasiyosikia dawa za kawaida. Siku hizi inajulikana kwamba si lazima thalamasi yenyewe ipigwe. Jeraha popote katika njia hiyo laweza kuyaleta. Wala si ugonjwa adimu. Watafiti wa Denmark waliwafuata wagonjwa 207 wa kiharusi kwa mwaka mzima, wakachapisha matokeo 1995: 8 katika kila 100 walipata maumivu haya. Mara nyingi hayaji siku ya kiharusi. Huja wiki au miezi baadaye, wakati jamaa wamekwisha kutawanyika na mgonjwa amehesabiwa kuwa amepona.

Katika ile miezi mitano shangazi alikuwa amezungushwa kwingi. Hospitali moja ilimpa diklofenaki na vidonge vya vitamini. Nyingine ilimpiga picha ya mguu, mguu ukaonekana mzima, akaambiwa ni mawazo. Nyumbani alinyweshwa kombe. Imamu wa jirani, mtu wa huruma, alimruhusu atayamamu badala ya kujitesa kwa maji, lakini hakutaka. Akawa anapashiwa maji yawe vuguvugu tu. Na mwishoni daktari mmoja wa hospitali ya kulipia alikubali kwamba mshipa wa mguu unaweza kukatwa. Baba mdogo alikuwa amekwisha kuanza kuchangisha fedha.

Shangazi mwenyewe ndiye aliyetaka zaidi. "Wakate tu, mwanangu. Wakitaka mguu mzima wauchukue. Adhabu ya kaburi aijuaye maiti."

Kikao kilifanyika barazani baada ya Isha. Nilisema mshipa usikatwe. Baba mdogo, ambaye kwa miezi yote hiyo ndiye aliyemnyanyua dada yake kumpeleka msalani, alinisikiliza mpaka mwisho kisha akasema, "Wewe umesomea panya. Yule ni mtu." Sikuwa na haki ya kukasirika. Nilikuwa nimetoa ushauri mmoja tayari, wa simu, na tenga la samaki lilikuwa pale kitandani.

Nikawaeleza habari za panya hata hivyo, kwa sababu ndizo nilizokuwa nazo. Niliwaambia kwamba mshipa wa fahamu ukikatwa haunyamazi kama waya wa umeme. Ncha iliyobaki huchipua, huota fundo, na fundo hilo huanza kupiga lenyewe bila kuguswa. Patrick Wall na Michael Gutnick walizirekodi ishara hizo kwa panya 1974. Uti wa mgongo nao, ukizoea kelele hizo, hubadilika. Kwa binadamu jambo hilo limejaribiwa sana. Tangu karne ya 19 madaktari wa upasuaji wamekata mishipa ili kuzima maumivu, na 1981 Willem Noordenbos pamoja na huyo huyo Wall walieleza habari za wagonjwa 7 ambao mshipa wao uliojeruhiwa uliondolewa na kupachikwa mwingine. Maumivu yaliwarudia pale pale yalipokuwa.

Na hao walikuwa watu ambao jeraha lao lilikuwa mguuni au mkononi. La shangazi lilikuwa kichwani. Nikawasimulia utafiti wa Toronto uliotoka miaka miwili kabla, 2009, ambao nilikuwa nimeusoma kwa hamu ya mtu aliyeiacha kazi lakini bado anaipenda. Watafiti wale hawakugusa mguu wa panya kabisa. Waliingiza kimeng'enya cha kolajenasi, tone dogo sana, katika thalamasi ya upande mmoja, kikatoboa vijishipa vya damu na kuleta kiharusi kidogo. Baada ya siku kadhaa mguu wa upande wa pili, mzima, usio na kovu, ukawa unaruka kwa mguso mwepesi.

"Mguu ni mjumbe tu, Baba mdogo," nikasema. "Baraza ndilo linaloungua. Mkimchinja mjumbe njiani, baraza halitazimika."

Akanyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Sasa baraza linazimwaje?"

Lazima niseme hapa kwamba mfano wangu ulikuwa mkali kuliko ukweli. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio dogo la wagonjwa 8 wenye maumivu haya ya kiharusi. Waliwachoma sindano ya ganzi kwenye mshipa wa mkono au mguu unaouma, na karibu wote maumivu yakaondoka kwa muda ule ganzi ilipokuwa ikifanya kazi. Maana yake mjumbe naye anachangia: habari za kawaida kutoka mguuni ndizo ubongo uliojeruhiwa unazozigeuza kuwa moto. Niliposoma hayo nilijiuliza kama nilimnyima shangazi nafuu. Bado naamini hapana. Sindano ya ganzi hunyamazisha mshipa na kuuacha mzima. Kisu huuacha na ncha yenye fundo, na mgonjwa angeamka na maumivu mawili, ya kichwani na ya pajani. Lakini sisemi tena kwamba mguu hauhusiki.

Jibu la swali la Baba mdogo lilikuwa kidonge kidogo cha bei nafuu. Amitriptilini inajulikana zaidi kama dawa ya sonona. Huko Sweden, Leijon na Boivie walichapisha 1989 jaribio la wagonjwa 15 wenye maumivu baada ya kiharusi, na 10 kati yao walipata nafuu kwa dawa hiyo. Si utafiti mkubwa. Tulimpata daktari aliyesikiliza, akampima moyo kwanza kwa sababu dawa hii yaweza kuuvuruga, akamwanzishia miligramu 10 usiku na kuipandisha pole pole. Kinywa kilimkauka. Alisinzia mchana, akayumba, tukaogopa asianguke. Wiki ya nne akaomba feni iwashwe, ikiwa imegeuziwa ukutani.

Hakupona, na simwahidi mtu kupona. Tulijiwekea desturi ya kuulizana kila jioni kwa simu: leo ngapi, katika kumi? Kabla ya dawa alikuwa akisema tisa. Baadaye ikawa tano, siku nyingine nne, mvua ikinyesha saba. Nilikuwa nikiziandika namba hizo katika daftari, kama zamani, ila hizi zilitoka kinywani mwa anayeumwa.

Tofauti hiyo ndiyo niliyochelewa kuiona. Katika maabara tulipima kushtuka, na mguu unaweza kushtuka kwa kazi ya uti wa mgongo peke yake. Mateso yenyewe, yale ya saa nane za usiku bila mtu kukugusa, hatukuyapima. Panya wetu karibu wote walikuwa madume, vijana, wenye afya. Shangazi alikuwa mwanamke wa miaka 63 mwenye presha. Dawa za kuzuia kemikali inayoitwa substansi P zilituliza wanyama katika maabara nyingi, kisha zikashindwa zilipojaribiwa kwa binadamu. Mwaka 2010 kundi la Jeffrey Mogil huko Montreal lilitoa njia ya kusoma maumivu katika uso wa panya mdogo, namna macho yanavyosinyaa na mashavu yanavyovimba. Niliipenda kazi hiyo kuliko nyingi, kwa sababu mtu hatimaye alikuwa amemtazama mnyama usoni. Yule mama fundi alikuwa akifanya hivyo siku zote, bila kuchapisha.

Sijutii miaka ile. Bila panya wa Bennett, wa Decosterd, wa Toronto, nisingekuwa na neno la kusema pale barazani, na mshipa ungekatwa. Ninalojutia ni ile simu ya Julai. Mtu aliniambia maji baridi yanamchoma, na mimi nikamweleza yeye maana ya maumivu yake.

Shangazi alifariki 2016 kwa kiharusi cha pili. Lile tenga binti yake amelitundika jikoni, anatilia vitunguu.

Wewe unayemuuguza mtu wa kiharusi, miezi ikipita na upande uliokufa ganzi ukaanza kuwaka, kudunga kama sindano, kukataa maji ya baridi na nguo, mpeleke hospitali na ueleze kwa maneno yake mwenyewe, na utaje tarehe ya kiharusi. Ukiambiwa mshipa wa mguu ukatwe, uliza kwanza kuhusu ubongo. Na usiku huu, kabla hujazima taa, muulize kama shuka inamuuma.